SOMO: Pamba sebule kwa mtumba na rangi, kisha iuze kipande kwa kipande

Somo la leo ni la wale tunaouza vitu vya nyumbani mtandaoni bila kuwa na fremu ya duka, tuna simu na chumba tu. Mimi niko Kawetele, hapa Tukuyu, nimepanga vyumba viwili na sebule, na huu ni mwaka wa nne nauza samani za mtumba ninazozifufua mwenyewe: makabati madogo, stuli, meza, vioo, fremu za picha. Sina duka. Sebule ndiyo duka. Kila kinachoonekana kwenye picha zangu kipo sebuleni, tunakitumia, na kina bei. Watoto wangu wameshazoea kurudi shule na kukuta meza ya jana haipo.

Wengi wakinitumia meseji huuliza rangi: dada, hapo umetumia rangi gani? Nitaisema, tena kwa kirefu. Ila kuna jambo linalotangulia rangi. Mteja wa mtandaoni anatamani kona ya nyumba aliyoiona kwenye picha, na kabati ni sehemu tu ya kona hiyo. Kabati hilo hilo ukilipiga picha uani kwenye tope, pembeni kuna ndoo na kuku wawili, mtu atauliza "mwisho bei gani?" kisha anapotea. Liweke mbele ya ukuta uliopakwa vizuri, juu yake chungu chenye ua na kioo kidogo, mtu yule yule anauliza "nalipataje mpaka Mbeya?" Faida yako inakaa kati ya maswali hayo mawili. Kwa hiyo kupamba nyumba yako ni gharama ya biashara, na ndiyo maana inabidi ifanyike kwa hela kidogo sana, vinginevyo inakula mtaji kabla hujauza hata stuli moja.

Na wasikudanganye kwamba nyumba ya kupendeza ni mambo ya mjini. Mzungu Joseph Thomson alipopita pande hizi mwaka 1879 alisifu usafi wa vijiji vya Wanyakyusa na nyumba zao za mianzi na udongo. Bibi zetu hawakuwa na mtandao, lakini uwanja ulifagiliwa.

Tuanze na ukuta.

Usipake sebule nzima. Chagua ukuta mmoja, ule unaotazamana na dirisha au ulio pembeni yake, kwa sababu hapo ndipo mwanga wa picha unapoangukia. Huo ndio utaonekana kwenye kila tangazo lako. Kama umepanga, mwombe kwanza mwenye nyumba, tena umwonyeshe rangi yenyewe. Mimi nilimwambia mzee wangu hivi: "Baba, naomba nipake ukuta mmoja kwa gharama yangu, na siku nikihama naurudisha mweupe." Akacheka, akasema hata nisiurudishe. Lakini tuliandika kwenye karatasi, tukasaini wote wawili. Maneno ya mdomo husahaulika siku kodi inapopanda.

Hesabu ya rangi ni nyepesi. Pima upana na kimo. Ukuta wangu una upana wa mita 3.5 na kimo cha mita 2.6, hiyo ni mita za mraba 9.1. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika karibu mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukipaka mikono miwili unahitaji lita mbili hivi, na ukuta wenye plasta ya kukwaruza hunywa zaidi. Kwa hiyo kopo la lita 4 linamaliza ukuta na kukuachia karibu nusu kwa ajili ya samani. Mimi hununua nyeupe tu, kisha naitia rangi kwa vile vichupa vidogo vya kuchanganyia. Changanya yote ya ukuta kwa mara moja kwenye ndoo moja. Ukichanganya leo na kesho, hupati rangi ile ile, na mstari utauona kila siku unapokunywa chai.

Huku kwetu kuna adui kabla ya rangi: ukungu wa ukutani, yale madoa meusi na ya kijani chini ya dirisha na kwenye pembe. Ukipaka juu yake, baada ya wiki chache yanarudi. Changanya jiki sehemu moja na maji sehemu tatu, vaa glavu, fungua madirisha, sugua, acha dakika kumi na tano hivi, suuza, kisha subiri ukuta ukauke kabisa. Usichanganye jiki na dawa nyingine ya chooni wala kitu kingine cha kusafishia, hutoa hewa ya sumu. Na kama maji yanapenya kutoka nje, hakuna rangi itakayokusaidia. Hamia ukuta mwingine.

Rangi gani? Hapa nina msimamo. Nyeupe tupu kwenye picha za simu hufanya kila kitu kionekane kama hospitali, na rangi kali kama nyekundu hubadilisha rangi ya samani iliyo mbele yake. Mimi natumia kijani kilichofifia, kama jani la chai lililokauka. Mbao inaonekana ya moto mbele yake, na nyeupe inaonekana safi. Wewe chagua yako, ila iwe imefifia na isiyong'aa.

Sasa kununua. Mzigo wangu mwingi hautoki sokoni. Unatoka kwa watu wanaohama. Tukuyu ni makao makuu ya wilaya, kuna walimu, wauguzi na watumishi wengine, na mtumishi akipata uhamisho habebi kabati la droo tatu mpaka Singida. Anataka hela mkononi wiki hiyo hiyo. Nimewaambia madereva wa kirikuu na mama wa genge hapa mtaani: ukisikia mtu anahama, nipigie, nakupa chako. Njia nyingine ni gesti zinazobadilisha vitanda na stuli, mafundi seremala wenye oda ambazo mteja hakuzifuata, na wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hawa wa vyuma natafuta miguu ya cherehani za zamani za kukanyaga. Ukiweka ubao juu yake unapata meza ambayo watu wa mjini wanaigombania. Mwanjelwa kule Mbeya naenda mara moja kwa mwezi kwa mapazia na vitambaa vya mtumba, maana pazia zito la mtumba ukilikata linakupa foronya nne za mito.

Ukifika mbele ya kitu, usitazame rangi yake. Rangi mbaya inakusaidia kushusha bei. Kitikise: kama viungio vinacheza lakini mbao ni nzima, gundi na skrubu vinatosha. Kiinue: mbao halisi ni nzito. Kama ni MDF au mbao nyingine za unga uliogandamizwa, pinduka uangalie miguu na pembe za chini. Kwa unyevu wa huku zinavimba kama mkate uliolowa, na kilichovimba hakirudi. Gonga, kisha angalia sakafuni: ukiona unga mwembamba unadondoka kwenye vitobo, kuna wadudu ndani, achana nacho. Kwa kitanda na kochi, angalia kwanza kunguni. Washa tochi ya simu, pitisha kwenye mishono, kwenye nyufa za mbao na kwenye matundu ya skrubu. Madoadoa meusi kama wino yanatosha kukufanya uage kwa heshima uondoke. Mimi makochi sichukui kabisa. Kunguni mmoja akiingia sebuleni, duka zima limeingiliwa.

Kama unatumia mapaleti, soma muhuri wake. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto. MB maana yake zilifukizwa kwa dawa ya sumu, hizo usiingize ndani ya nyumba.

Na jambo moja ambalo wengi hawalisemi. Ukinunua kitu cha wizi, hata kama hukuiba wewe, unaweza kuingia kwenye kesi ya kupokea mali ya wizi. Kwa hiyo kila ninachonunua nakiandikia: jina la muuzaji, simu, tarehe, kitu, bei, saini. Kikiwa cha bei kubwa namwita na balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa. Muuzaji anayekataa kuandika jina lake kwa kabati lake mwenyewe ameshakujibu.

Haya, rangi.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Dodoma kwa kawaida hawafiki hata 700. Mvua zetu huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, Machi na Aprili ndiyo hatari zaidi, na hata Juni na Julai kuna asubuhi za ukungu na baridi. Kwa hiyo ukisoma kwenye kopo kwamba rangi inakauka kwa saa kadhaa, ujue maelezo hayo yameandikwa kwa hali ya hewa ya kawaida. Rangi ya mafuta ambayo kwingine unaipaka mkono wa pili kesho yake, huku wakati wa masika nasubiri siku mbili, wakati mwingine tatu. Rangi ya maji inakauka haraka zaidi, ila nayo kwenye unyevu inasuasua.

Mimi nimeigawa kazi kwa majira. Miezi ya mvua nanunua na kutengeneza: kugundisha, kupiga msasa, kubadilisha vishikio. Watu wanaohama Januari wanauza kwa bei nzuri na wanunuzi wa rejareja hawapo. Rangi nyingi napaka kuanzia Juni mpaka Oktoba. Katikati ya mvua napaka vitu vidogo tu, vya kuingia ndani: fremu, stuli, vigoda. Ukichukua oda kubwa mwezi Machi na kuahidi siku nne, umejitafutia ugomvi.

Kuna watu wanaweka jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili rangi ikauke. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa hutoa hewa isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na mvuke wa tina na rangi ya mafuta unashika moto. Fungua dirisha, nyanyua kitu kutoka sakafuni kwa matofali, acha upepo upite chini na juu. Saa tano mpaka saa tisa mchana ndiyo saa zangu za brashi. Jioni unyevu unashuka na rangi ya mafuta iliyopakwa saa kumi na moja huamka imefifia kama imepumuliwa.

Kwa samani natumia njia mbili. Ya kwanza ni ya kawaida: piga msasa mpaka mng'ao wa zamani uishe, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka rangi ya chini, halafu rangi ya mafuta mikono miwili myembamba. Mkono mmoja mnene hauwezi kushindana na miwili myembamba. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya rangi ya mafuta ya zamani inayong'aa, itabanduka kama ngozi ya kiazi cha kuchemsha.

Ya pili ndiyo wanayoiulizia. Chukua unga wa jipsamu, ule wa mafundi wa dari, uchekeche. Kikombe kimoja cha unga changanya na kikombe kimoja cha maji mpaka madonge yaishe, kisha mimina kwenye vikombe vitatu vya rangi ya maji. Inakuwa nzito, haing'ai, inashika vizuri kuliko rangi ya maji peke yake, na msasa kidogo tu unatosha kabla yake. Changanya cha kutosha kazi ya muda huo, ikikaa inaganda. Ikikauka pitisha msasa mwembamba, halafu funika kwa vanishi ya maji isiyo na rangi, mikono miwili. Bila vanishi inanyonya kila doa la chai. Ukitaka ule muonekano wa kizee, sugua mshumaa kwenye kona na kingo kabla ya kupaka. Baadaye msasa unatoa rangi hapo kirahisi na mbao inachungulia.

Mninga usiupake rangi. Nasema kwa herufi kubwa moyoni. Kwanza ni dhambi, pili rangi yake nyekundu hupanda juu ya nyeupe na kuacha madoa ya kahawia. Msasa, vanishi, basi. Mbao za misindano na mikaratusi, ambazo ndizo nyingi huku, hizo paka utakavyo.

Sasa nisikilizeni hapa, hasa mnaouza vitu vya watoto.

Rangi za mafuta za zamani, hasa njano, nyekundu na kijani, mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Uchunguzi uliofanywa nchini uliwahi kukuta risasi nyingi katika rangi za mafuta zilizokuwa zikiuzwa madukani, na sasa viwango vya Afrika Mashariki vinaweka kikomo cha sehemu 90 kwa kila sehemu milioni. Lakini kabati la miaka thelathini iliyopita halijui viwango vya leo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa macho huwezi kuitambua.

Mwaka jana nilipata kitanda cha mtoto, cha fito, cha zamani, rangi ya njano ya yai. Kizuri mno. Nilikiweka kwenye status kikiwa hivyo hivyo, kama "kinakuja", na kabla ya jioni mama mmoja wa Kiwira akawa tayari kulipa 120,000 kikishapakwa nyeupe. Mimi nilikinunua 20,000. Nikamwambia mama, rangi ya chini siijui ni ya lini, na mtoto wako ataota meno akiwa humo, atatafuna ukingo. Akaniuliza, "Si utapaka nyingine juu?" Nikamjibu kwamba ya juu ikikwanguliwa na meno, ya chini itatoka. Alinyamaza kidogo, kisha akaandika "ndaga fijo, mwanangu," na hela sikuipata. Wiki ile nilikuwa nadaiwa kodi, kwa hiyo msidhani ilikuwa rahisi.

Kitanda nilikivunja. Fito ziligeuka ngazi ya kutundikia mataulo na khanga, upande mmoja ukawa kishikilia vyungu vya maua vya ukutani, vyote vikafunikwa vizuri kwa rangi ya chini, rangi mpya na vanishi, na mnunuzi nilimwambia asiweke chumba cha watoto. Jumla nilipata 38,000. Ndogo kuliko 120,000, najua kuhesabu. Lakini yule mama wa Kiwira ndiye aliyeniletea wateja watatu wa kitchen party mwaka huo huo, na mmoja wao alianza meseji kwa kusema, "Nimeambiwa wewe unasema ukweli wa vitu vyako."

Kwa hiyo utaratibu wangu kwa kitu chochote chenye rangi ya zamani ambayo siijui: sikipigi msasa kikavu, siichomi rangi kwa moto. Natumia msasa wa maji, kitu kikiwa kimelowa, nje, juu ya turubai, barakoa usoni, watoto mbali, na tope lile nalikusanya na kulifunga kwenye mfuko badala ya kulimwaga kwenye bustani ya mchicha. Nguo nafua peke yake. Na kwa mtoto siuzi. Kitanda cha mtoto nitauza kama ni mbao tupu ambayo haijawahi kupakwa, na hapo pia napima nafasi ya fito: kopo la soda likipita katikati, nafasi ni kubwa mno, kiwiliwili cha mtoto kinaweza kupita na kichwa kikabaki.

Tuje kwenye bei. Nawapa hesabu ya kabati moja la droo tatu, bei ni zangu za siku ile, za kwako zitatofautiana. Nililinunua 30,000. Bajaji 3,000. Msasa, gundi na skrubu 3,500. Rangi iliyotumika, kwa kukadiria, 6,000. Vanishi 3,000. Vishikio vitatu vipya, 1,500 kila kimoja, 4,500. Bando 1,000. Hapo ni 51,000. Wengi wanaishia hapo, wanauza 65,000, wanafurahi wamepata 14,000. Lakini nilifanya kazi siku mbili, na siku yangu nimeipangia 8,000, kwa sababu ndiyo ningelipa kijana wa kunisaidia. Jumla inakuwa 67,000. Kwa hiyo aliyeuza 65,000 amefanya kazi siku mbili kwa chini ya kibarua na biashara haikupata hata shilingi. Mimi nililitangaza 105,000 na nikauza 95,000, faida 28,000 baada ya kujilipa. Mteja akinifikisha 70,000 namwambia tu, mama yangu, hapo sifiki, nina stuli nzuri ya bei hiyo.

Usipandishe bei kwa kujilinganisha na Keko. Samani za Keko ni mpya, zinatoka Dar es Salaam kwa mafundi wengi wanaoshindana. Wewe unauza kitu kimoja ambacho hakuna mwingine anacho. Ila usiseme ni kipya. Andika "mtumba, imetengenezwa upya," kwenye mstari wa kwanza.

Vya kuzungushia kona navipata kwa hela ndogo. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, kule Ziwa Nyasa karibu na Matema, ni vyembamba, vina umbo zuri, na ukipanda ua la kivuli ndani yake, picha imekamilika. Mikeka nanunua Kyela. Fremu za zamani nazipaka rangi ile iliyobaki ya ukuta na kuweka kipande cha kitenge ndani. Vitu hivi vidogo ndivyo vinavyonilipa katikati ya mvua, maana mtu aliyekuja kuulizia kabati na kushindwa bei huondoka na fremu ya 7,000. Hakikisha kila kimoja kwenye picha kina bei yako kichwani. Lazima mtu aulizie chungu.

Picha napiga kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, taa imezimwa, pazia limefunguliwa, mimi nimesimama mgongo kwa dirisha kwa upande kidogo ili kivuli changu kisiingie. Moja ya kona nzima, moja ya kitu peke yake, moja droo ikiwa wazi, moja ya ndani, na moja ya kasoro. Kasoro napiga karibu kabisa na kuizungushia duara. Andika vipimo kwa sentimita, urefu, upana, kimo, maana nusu ya ugomvi wa samani mtandaoni ni kitu kukataa kupita mlangoni. Weka karatasi nyeupe kwenye picha moja, mteja aone rangi kwa kulinganisha. Video fupi ya droo zikifunguka na kufungwa inajibu maswali kumi.

Malipo: kwa kitu kilichopo, hela kamili kabla hakijapanda gari. Kwa oda, nusu mbele, na tarehe naandika mwenyewe nikiwa nimeongeza siku za mvua. Usiamini meseji ya muamala, angalia salio lako. Meseji za uongo zimewalizia wengi.

Hela ikiingia naigawa siku hiyo hiyo kabla haijazoea mfuko: 30,000 za kununulia kabati lingine zinarudi kwenye laini ya biashara, za rangi na vifaa zinafuata, siku zangu mbili ni chakula cha nyumbani, na faida nusu inaenda kwenye kodi, nusu inabaki kuongeza mtaji. Kona ikibaki tupu zaidi ya wiki moja, sina picha mpya, na nisipokuwa na picha mpya simu inanyamaza.

La mwisho ni usafirishaji, na hapa rangi inakurudia. Rangi iliyokauka mkononi bado haijakomaa ndani. Kabla ya kutuma, bonyeza ukucha sehemu ya chini isiyoonekana. Alama ikibaki, mwambie mteja asubiri, hata kama amekasirika. Usizungushie nailoni moja kwa moja juu ya rangi mpya, inanasa na kung'oa. Funga kwanza kwa khanga kuukuu au shuka la mtumba, kisha katoni kwenye kona, ndiyo nailoni kwa ajili ya mvua. Droo zifunge kwa kamba, siyo gundi ya karatasi. Vitu vidogo vya Mbeya na Kyela naweka kwenye Coaster, napiga picha ya mzigo na namba ya gari, namtumia mteja na namba ya konda. Kabati linaenda kwa kirikuu inayorudi tupu baada ya kushusha mzigo, bei inashuka sana ukiwa na subira ya siku mbili. Na ndani ya droo ya juu naacha karatasi: futa kwa kitambaa chenye unyevu, usitumie jiki, na kwa wiki mbili za kwanza usiweke sufuria ya moto juu yake.